Koti la Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kaja! Mwenyewe, kwa miguu yake, mlangoni kwangu. Sijamwona tangu mwaka jana. Simu hapokei, ujumbe hajibu, ukimwalika kimya. Halafu leo asubuhi nanyanyua kichwa kwenye cherehani — huyo hapo, begi begani, kitundu cha njiwa mkononi, anatabasamu kama vile tuliachana jana.

Kitu cha kwanza alichouliza: mdogo wake yupo? Nikamwambia mume wangu yuko kazini, ameitwa kutengeneza friji la bucha. Ndipo akaingia. Nimeliona hilo.

Anataka koti. Si koti la mtu kwenda kazini — koti la jukwaani, la mazingaombwe. La zamani limechoka na fundi aliyemshonea ameacha kazi, macho hayaoni tena. Ana onyesho Jumamosi ya tarehe 22, mchana, kwenye ule ukumbi uliokuwa sinema. La kwanza tangu apumzike. Nikamuuliza, ulikuwa unapumzika nini? Akanitoa uzi mwekundu sikioni. Ndiyo majibu ya wifi hayo. Ukimuuliza la maana, anakutoa kitu sikioni.

Nikachukua futi nimpime. Akarudi nyuma! Eti vipimo nivitoe kwenye koti la zamani. Nikamwambia wifi, mwili si ukuta, unabadilika. Akasema wake haujabadilika. Tukabishana huku tunachekeana, meno yote nje, lakini ubishi ni ubishi. Mwisho nimeshindwa mimi. Kama kawaida.

Njiwa anaitwa Meneja. Kwa sababu, anasema wifi, kazi hafanyi na kula anakula wa kwanza.

Jioni nimemwambia mume wangu kwamba dada yake amekuja. Alikuwa ananawa mikono. Akasema, "Kumbe yuko hai." Halafu akafungulia bomba kwa nguvu, maji yakaruka mpaka dirishani. Hakuuliza zaidi. Huyu dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa — alimsomesha kwa kutoa sungura kwenye kofia! Na sasa mdogo wake hajui hata dada analala wapi. Inamuuma. Anajifanya haimuumi, na hilo ndilo linaloniuma mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimelifumua koti la zamani. Jamani! Hili si koti, ni nyumba ya kupangisha. Kila mahali chumba.

Kwa nje jeusi, la heshima, ungesema la hakimu. Ndani sasa! Ubavuni mfuko mmoja mkubwa wenye mdomo mpana kabisa — huo ni wa kupoteza vitu, unatupia tu bila kutazama. Nyuma miwili mirefu, imefichwa ndani ya mikia ya koti, mkono ukining'inia unafika wenyewe. Kwenye pindo la mbele kuna vijifuko vyembamba vya leso za hariri. Zinaingia zimekunjwa kama dawa, zinatoka zimefumuka kama povu. Na kushoto, chini ya kwapa, kuna kamba yenye kitanzi. Hapo ndipo Meneja anapotundikwa ndani ya kifuko chake. Dole gumba likinasa kitanzi — njiwa huyo nje! Wifi alinieleza yote juzi, haraka haraka, akinitazama kama anayempa mtu funguo za nyumba.

Aliyelishona alikuwa mtu na nusu. Nimetafuta alipoanzia bitana nikakosa, ikabidi nikate.

Lakini upande huo wa kushoto kuna jambo. Mtu amefumua akashona tena kwa mkono, na huo si mkono wa fundi. Mishono imepinda kama njia ya mlevi, tena uzi wa buluu kwenye kitambaa cheusi. Kifua kimepunguzwa upande huo mmoja tu.

Mtu anakondaje upande mmoja?

Nimekata kitambaa kipya kwa vipimo vya zamani, kama alivyotaka. Roho haijatulia.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Niandike polepole.

Wifi kaja kulijaribu koti, bado lina bandi, mishono ya muda tu. Nikamwambia avue sweta. Hataki. Haya, nikamvisha juu ya sweta. Upande wa kulia limekaa vizuri, hata mimi nimejipongeza. Kushoto — linavimba, linabonyea, linavimba tena. Nikachukua pini nikaanza kubana pale kifuani. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu nikaona inazama. Yote, mpaka kichwa! Ndani ya kifua cha mtu! Nikapiga ukelele, nikaruka nyuma, kopo la vifungo likaenda chini.

Na yeye? Kasimama vilevile. Hata kope haikupepesa. Akaitazama pini iliyomchoma, akanitazama mimi, akaanza kucheka.

"Wifi," akasema, "nikikupandisha jukwaani na uso huo, ukumbi utajaa."

Nikajua. Hajafungua mdomo kueleza, nikajua. Nikakaa juu ya marobota ya vitambaa.

Akafunga mlango kwa komeo. Akavua koti, akavua sweta. Ni sponji. Kipande cha sponji kilichovikwa kitambaa, ndani ya sidiria. Chini yake hakuna kitu. Kovu tu, limenyooka, limetulia. Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba aliyeshona hapa anajua kazi. Nikamwambia hivyohivyo. Akasema atamfikishia daktari salamu.

Ni ugonjwa uleule uliomuua mama yao. Aliusikia uvimbe mwenyewe, akioga. Akaenda mji mwingine, akapasuliwa, akatundikiwa zile dawa zinazomaliza nywele. Aliyemuuguza ni yule mpiga ngoma wake wa jukwaani. Na sisi huku tunasema anaringa!

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Alikuwa ameokota kifungo kimoja sakafuni, kinapotea kwenye vidole, kinarudi, kinapotea, naye wala hakitazami.

"Mdogo wangu ndiye aliyemuuguza mama," akasema. "Kijana wa kiume, mdogo vile, anamnyanyua mama, anambadilisha nguo. Uso wake hauna pazia, unamjua. Mama alikuwa akitaka kujua hali yake hamuulizi daktari, anamtazama mwanawe. Mimi sikutaka kutazamwa hivyo, wifi. Nilitaka nipone kwanza."

"Na sasa umepona?"

"Alhamisi napata majibu. Nikiwa nimepona, nitamwambia mwenyewe. Kama sijapona, usiseme kitu. Niache nifanye onyesho langu."

Tukalia. Si sana. Meneja alikuwa ametoka tunduni, anatembea juu ya satini yangu kama mkaguzi wa majengo, mara akanya. Kilio kikaishia hapo.

Halafu tukafanya kazi, tufanye nini? Sponji inahama akinyanyua mkono, ndiyo maana koti linavimba. Nikamwambia tuiondoe. Nikamwambia pale tayari pana nafasi — nikatamani niumeze ulimi. Lakini macho yakamwaka.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Badala ya kumtundika Meneja kwapani, anakobanwa, tumlaze pale kifuani. Awe yeye ndiye upande wa kushoto. Watu waone kifua, kumbe ni njiwa!

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema miaka yote anahangaika mahali pa kumficha huyu ndege, kumbe alihitaji tu daktari wa kumchongea chumba.

Ameshaondoka. Natembea jikoni nikisema peke yangu: yuko hai. Hakutuacha, alikuwa anapigana. Mtu anaweza kufurahi kwa habari kama hii? Basi mimi nimefurahi. Kifua chepesi, hata sufuria nimezisugua mara mbili.

Mume wangu simwambii. Nimeapa.

Jumamosi, 8 Machi

Siwezi kumtazama usoni. Kaniuliza kama naumwa. Nikasema jino. Akatoka, akarudi na vidonge. Nimevimeza! Jino lenyewe sina.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi, kazi, kazi.

Mkono wa kushoto wa wifi hauvuki bega. Unafika pale unagoma, unatetemeka. Kwa hiyo nimekata shimo la mkono upya, juu zaidi, nikaweka kipande cha ziada kwapani ili akiunyanyua huo kidogo alio nao koti zima lisipande naye. Kitanzi nimekihamisha. Sasa kiko nyuma ya kola, karibu na kifungo cha juu. Mkono wa kulia unapita kama unaoweka kola sawa, gumba linanasa, basi.

Kiota cha Meneja nimekishona kwa pamba laini, na nyuma yake nimeweka wavu apate hewa. Tumemjaribisha. Aliingia, akajigeuza, akalala! Wifi akajitazama kwenye kioo, kushoto, kulia, mbele. Sawasawa pande zote. Akapitisha kiganja upande wa kushoto. Nikajifanya naokota pini.

Kisha akamtoa. Mkono ukapita kwenye kola — njiwa hewani! Nikapiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Halafu tukatazama kioo. Kushoto pamelala bapa.

"Unaona watakachoona?" akasema wifi. "Titi limeota mabawa likaruka."

Tumecheka mpaka tumbo linauma, lakini tatizo liko palepale. Nikaweka kitambaa kigumu, kinalegea kwa joto la mwili. Nikakiongeza mara mbili, Meneja anakosa hewa anaanza kugombana. Nimefumua. Nimeshona. Nimefumua.

Mume wangu alirudi akatukuta tumejifungia, tunacheka. Dada yake alitoka, wakasalimiana mlangoni kama majirani wasioelewana, kila mtu anatazama viatu vya mwenzake. Baadaye akaniambia: mimi nduguye hata swali langu hajibu, wewe wifi yake mnafungiana milango. Nilikuwa na la kumwambia. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikalirudisha.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeponea chupuchupu.

Wifi alisahau ile sponji kwenye meza yangu. Mume wangu kaja kuomba mafuta ya cherehani, bawaba ya friji inalia. Mimi niko chini natafuta bobini. Nanyanyuka — anayo mkononi!

"Hii nini?"

"Pedi. Ya bega."

"Bega la nani, la tembo?"

Nikacheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe. Akaibonyeza. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono wake. Kisha akaiweka chini, taratibu, akachukua mafuta akaenda.

Moyo ulikuwa unapiga kama cherehani isiyo na kitambaa. Lakini kameza uongo wangu. Ah! Kameza.

Alhamisi, 13 Machi

Safi!

Nianze na hilo. Majibu ni safi. Safi, safi, safi.

Nilimwambia mume wangu nakwenda kutafuta vifungo. Nikamkuta wifi hospitali, benchi la ukutani, amevaa vizuri kama anakwenda kuposwa. Kadi ya foleni ilikuwa mikononi. Anaichezea. Inakuwepo, haipo, inakuwepo. Bibi mmoja pembeni yetu alisahau ugonjwa wake kabisa, anatazama tu. Nesi akaita. Wifi akasimama — kadi hakuna! Si mchezo, kweli hakuna. Tumetafuta chini ya benchi, kwenye pochi, nesi anaita tena na sauti inapanda. Yule bibi ndiye aliyesema: mwanangu, tazama kwenye mkono wa blauzi. Ilikuwa huko, karibu na kiwiko. Mikono yake ilikuwa na hofu kuliko yeye, ikaificha bila ruhusa.

Ndani daktari alisoma, akasoma. Mimi nilikuwa nahesabu vigae. Akavua miwani akasema hakuna kilichobaki, aje kuangaliwa tena baadaye kama kawaida, lakini leo aende nyumbani. Wifi akamwambia, "Rudia." Akarudia. "Tena." Yule daktari mtu mwema, akarudia tena.

Nje alikaa kwenye ukingo wa barabara, na nguo zake nzuri zile, watu wanatupita. Akanywa chupa nzima ya maji bila kupumua. Sikumwona akilia. Alikuwa anatazama tu magari, kama mtu aliyefika mji mgeni na ameupenda.

Nikamwambia sasa twende tukamwambie mdogo wako. Akasema baada ya onyesho. Akimwambia kabla, atatetemeka, na mikono ikitetemeka kazi yake haifanyiki. Nikamwelewa. Nilitaka kumkatalia nikamwelewa.

Nimerudi bila vifungo. Mume wangu hakuuliza. Nimeimba jikoni mpaka akaja kuchungulia.

Jumapili, 16 Machi

Anajua.

Mume wangu anajua! Tangu Jumatano!

Tulikuwa tumekaa chumba cha kazi, yeye amelala chini ya cherehani anakaza mkanda wake uliolegea. Namwona miguu tu. Na hiyo miguu ikasema:

"Ile sponji. Mama alikuwa na kama ile. Mimi ndiye niliyekuwa namshonea kitambaa cha juu."

Nikaweka mkasi chini.

"Upande gani?" akauliza.

"Kushoto."

"Kama mama." Bisibisi ikasimama. "Nakuuliza kitu kimoja tu, na usinidanganye. Amepona?"

Kiapo changu! Lakini mtu amelala sakafuni hivyo, anasubiri, huwezi. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwepo. Nimesikia kwa masikio yangu, daktari karudia mara tatu.

Akajitoa chini ya mashine. Akaenda uani, kwenye lile friji la mteja lililoharibika. Akafungua mlango, akaingiza kichwa. Akakaa humo. Mabega yanakwenda juu, chini. Nikamwacha. Alipotoka macho mekundu, akasema, "Gesi imekwisha hii," akaufunga mlango polepole kama vile ndani kuna mtu amelala.

Nikamweleza mengine. Kwa nini dada alijificha. Lile la uso usio na pazia nalo nikamwambia. Liliingia mahali pake, nimeliona likiingia. Hakukasirika. Alijipangusa uso wote kwa kiganja, akasema: ni kweli. Kisha akasema basi asiambiwe kwamba yeye anajua. Aachiwe aseme mwenyewe, siku yake, anavyotaka. Na nimwapie.

Nikamwapia. Sasa nina viapo viwili, kimoja kila bega. Lakini roho ya jana na ya leo, tofauti kabisa. Hata vidonge vya jino nimevirudisha kabatini.

Jumanne, 18 Machi

Nimepata! Nilikuwa natengeneza gauni la bibi harusi wa Jumamosi, nakaza zile nyuzi ngumu za plastiki zinazosimamisha kifua cha gauni. Sindano ikasimama hewani. Mjinga mimi! Kila wiki nasimamisha vifua vya watu kwa plastiki!

Nimekunja tatu, nikazishona kati ya bitana na kitambaa kama mbavu. Meneja analala ndani, akitoka mbavu zinabaki zimesimama. Hewa inapita. Tumemtoa, tumemrudisha, tumemtoa. Kioo hakioni tofauti.

Wifi akajigonga kifuani kwa kifundo cha kidole. "Hodi!" Ndani Meneja akajibu kwa ile sauti yake ya kooni. Tukatazamana. "Ana adabu kuliko watu wengi," nikasema.

Kisha, akinipa mgongo, kama neno la kupita tu: "Atakuja Jumamosi?"

Nilijaza pini mdomoni. Zote. Nikawa natikisa kichwa namna ambayo haisemi ndiyo wala hapana. Faida ya ufundi huu ndiyo hiyo, mdomo ukiwa na pini hakuna anayekulazimisha. Aliacha tiketi mbili mezani. Hakusema ya pili ni ya nani.

Ijumaa, 21 Machi

Limekwisha. Nimelipiga pasi mbele na nyuma. Linaning'inia mlangoni, jeusi, limetulia, halisemi lililonalo.

Mume wangu kasimama mbele yake muda mrefu. Hakuligusa. Halafu kaenda kupiga viatu vyake rangi.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike kabla hayajapoa.

Ukumbi ulijaa, hata ngazi zilikaliwa. Mume wangu alivaa suti yetu ya harusi, kifungo hakifungi. Tukakaa safu ya tatu. Mpiga ngoma akapiga, taa zikawaka, wifi akatoka. Na koti langu! Mgongo umenyooka, mikia inamfuata kwa adabu. Leso zikaanza kutoka. Nyekundu, njano, kijani, moja inazaa nyingine, kwenye ngumi, kwenye kiwiko, kwenye kikombe kitupu. Mpira ukaingia ubavuni na hakuna aliyeuona ila mimi. Akatoa bakuli la maji nyuma ya koti! La maji! Watoto walisimama juu ya viti.

Kisha akaja Meneja. Mkono wa kulia ukapita kwenye kola.

Hakuna.

Ukapita tena, kama mtu anayesikia joto. Hakuna. Pasi! Pasi yangu ya jana! Nimekilaza kitanzi chini ya kola kwa pasi, kimebaki bapa kama stempu. Nimeliua onyesho la wifi kwa unadhifu wangu! Mpiga ngoma anazungusha mdundo uleule, anasubiri. Watu wameanza kukohoa. Mume wangu kanishika vidole, kanibana, hanitazami.

Wifi hakubadilika uso. Akasimama katikati kabisa ya jukwaa. Akainamisha kichwa, akatazama kifua chake, upande ule. Akagonga.

"Hodi!"

Watu wakacheka. Na kwa kile kimya kinachofuata kicheko, ukumbi mzima tukasikia sauti ya koo ikijibu kutoka ndani. Watu wakapiga yowe! Akagonga tena, kwa nguvu zaidi, na nikaona kola ikiruka — kitanzi kimeamka! Gumba likapita. Meneja akatoka na mabawa yote mawili wazi, mweupe, hasira tupu, akazunguka taa mara moja, akarudi kutua mkononi mwake.

Nilidhani paa litaanguka. Watu walifikiri ndivyo ilivyopangwa tangu mwanzo.

Mume wangu hakumtazama njiwa. Nilimwona. Alikuwa anamtazama dada yake usoni, muda wote, na uso wake ule usio na pazia ulikuwa — sijui niuite nini. Kama mtoto aliyeonyeshwa mlango wa kwao. Kisha akatia vidole mdomoni akapiga mluzi, na suti, na utu uzima wote ule.

Nyuma ya jukwaa palikuwa na watu wengi. Walipeana mikono. Mikono! Akasema hongera dada. Akajibu ahsante mdogo wangu, kesho nakuja kwako, nina neno. Akasema karibu. Basi. Nilitaka kuwagonganisha vichwa.

Jumapili, 23 Machi

Naandika sasa hivi, mezani jikoni, wao wako chumba cha kazi.

Wifi kaja mapema, kitambaa kichwani, hana sponji wala nini, blauzi tu. Kaniuliza kwa macho kama yupo. Nimemjibu kwa macho. Ameingia. Mlango ule haufungi vizuri, na mimi si mtu wa kusikiliza milangoni, lakini jikoni ni kwangu na masikio ni yangu.

Wamezungumza habari za friji. Friji! Gesi, bawaba, wateja wasumbufu. Kisha amemuuliza kama suti ilimbana. Kiti kimesogezwa.

Amesema. Amesema kwa maneno mafupi, kama anayesoma orodha ya vitu alivyosafiri navyo. Aliugua. Ugonjwa wa mama. Amekatwa, ametibiwa, amepona, majibu anayo kwenye pochi.

Na huyu mume wangu! Nilimwambia ashtuke! Jana usiku, leo asubuhi, nimemwambia: shika mdomo, kaa chini ghafla, fanya lolote. Kasema tu, "Pole sana, dada." Laini, mara moja, kama mtu aliyelibeba neno hilo mfukoni siku nyingi.

"Mbona hushtuki?" anauliza wifi.

Mume wangu anakohoa.

"Nani kakwambia?"

Mume wangu anasema hakuna aliyemwambia. Anasema ni sponji. Sponji ipi? anauliza wifi. Ile ya mezani kwa mke wangu, Jumapili nikamuuliza yeye. Na wifi — nasikia anavyohesabu, Jumatano, Jumapili, Jumanne — anasema, kwa hiyo siku ile nilipomuuliza kama utakuja, yeye alikuwa anajua kwamba wewe —

"Alikuwa na pini mdomoni," anasema mume wangu.

Sasa kuna sauti sijui ni ya nini. Mtu anacheka au mtu analia. Kitu kimegonga meza. Na sasa wananiita. Wote wawili, kwa pamoja, huyu "Mke wangu!" na huyu "Wifi!" Sauti zinafanana hizi, za ndugu kabisa, sikuwahi kuzisikia zikipanda pamoja. Nimeitikia nakuja. Sijasimama. Miguu imejaa kicheko na mkono unaandika ovyo. Wananiita tena — mmoja wao analia kabisa, mwingine anacheka, na kutoka hapa siwezi kujua nani ni —